Mtihani wa mwisho wa muhula: namna alama zinavyopatikana, na namna ya kuingia ukumbini bila kiwewe

Kila muhula ukikaribia ukingoni maswali ni yale yale. "Nina 22 za kozi weki, nitapona?" "Sapu inashusha GPA?" "Mbona nilijaza kijitabu kizima nikaambulia C?" (Kozi weki ni alama za kazi na majaribio ya ndani ya muhula, sapu ni mtihani wa marudio kwa aliyefeli, na GPA ni wastani wa madaraja yako.) Nimeyajibu moja moja mpaka basi. Leo nayaweka yote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Ulijue jambo moja kabla hatujaanza. Somo gumu linatisha, ndiyo, lakini presha inayomnyima mtu usingizi mara nyingi inatoka kwingine: hajui anahitaji alama ngapi, hajui zinatolewaje, hajui akianguka kinafuata nini. Asiyejua hayo huogopa kila kitu kwa kiasi kilekile, na anayeogopa kila kitu hufungua madaftari sita kwa usiku mmoja na asimalize hata moja. Kwa hiyo tunaanza na hesabu. Habari za kuvuta pumzi zitakuja baadaye, na hazitachukua nafasi kubwa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Muhtasari wa kila kozi, ile karatasi ya wiki ya kwanza ambayo wengi huitupa. Humo mna mada, idadi ya krediti (uzito wa kozi) na mgawanyo wa alama.
- Kanuni za mitihani za chuo chako. Si lazima uzisome zote. Tafuta vipengele vitano: kiwango cha kufaulu, mitihani ya marudio, ugonjwa, udanganyifu na rufaa.
- Alama zako zote za kozi weki, zimeandikwa mahali pamoja. "Nadhani nilipata kumi na kitu" haihesabiki.
- Karatasi za mitihani iliyopita, za miaka mitatu hadi mitano.
- Ratiba rasmi, na uiangalie tena siku mbili kabla ya kila mtihani, maana vyumba na saa hubadilishwa.
- Kalamu mbili au tatu zinazoandika vizuri, kitambulisho, kikokotoo cha aina inayoruhusiwa, na saa ya mkononi ya kawaida. Saa zinazounganishwa na simu hupigwa marufuku kwenye kumbi nyingi.

Kama kanuni za mitihani huna, zitafute leo, kabla hujaendelea kusoma. Usimuulize mwenzako wa mwaka wa tatu akwambie anavyokumbuka. Kanuni hurekebishwa, na yeye anakumbuka za wakati wake.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya alama unazohitaji

Vyuo vingi hugawa alama za kozi mafungu mawili: kozi weki (majaribio, kazi za kuandika, semina, maabara) na mtihani wa mwisho. Mgawanyo wa 40 kwa 60 umezoeleka. Kwingine ni 30 kwa 70 au 50 kwa 50, na zipo kozi ambazo mtihani wa mwisho ndio kila kitu.

Tuseme kwako ni 40 kwa 60, na umekusanya 26 kati ya 40. Chukua jumla unayoitaka, toa 26, kisha gawa kwa 60:

- Jumla ya 50: unadaiwa 24 kati ya 60, yaani asilimia 40 ya mtihani.
- Jumla ya 60: unadaiwa 34, karibu asilimia 57.
- Jumla ya 70: unadaiwa 44, kama asilimia 73.
- Jumla ya 80: unadaiwa 54, yaani asilimia 90.

Sasa kaa uitazame mistari hiyo. Aliyekuwa hapati usingizi kwa kuogopa kufeli anaona kwamba anatafuta 24 tu kati ya 60. Aliyekuwa anaota 80 anaona deni lake ni asilimia 90, na pengine nguvu hizo zitamfaa zaidi kwenye kozi nyingine. Rudia hesabu hii kwa kila kozi, uandike majibu kwenye karatasi moja, uibandike mahali unapokaa kusoma. Wengi wakifika hapa nusu ya presha inashuka, kwa sababu hofu sasa ina tarakimu.

Onyo: vyuo vingine vina sharti la pili. Jumla yako inaweza kuvuka 50 ukahesabiwa umefeli kwa kuwa hukufikia kiwango cha chini ndani ya mtihani wenyewe. Kwingine kozi weki ikiwa chini mno huruhusiwi kuingia kwenye mtihani kabisa. Hayo yote yamo kwenye zile kanuni.

Onyo la pili: usilinganishe tarakimu zako na za ndugu anayesoma nchi nyingine. Uingereza, alama 70 tayari ni daraja la kwanza. Ufaransa hupima kwa 20, na 10 ndiyo ya kufaulu. Ujerumani kipimo kimegeuzwa: 1.0 ndiyo ya juu kabisa na 5.0 ni kufeli. Anayekuambia "mimi nilipata 15" huenda amefanya vizuri kuliko wewe mwenye 65.

Hatua ya 2: Jua kozi ipi inabeba mzigo

GPA ni wastani, lakini ni wastani wenye uzito: kila daraja huzidishwa kwa krediti za kozi, majibu yakajumlishwa, kisha yakagawanywa kwa jumla ya krediti. Chukua kipimo cha 5, ambapo A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Chuo chako kikitumia kipimo cha 4, njia ni ileile.

- Kozi ya kwanza, krediti 12, umepata B+: 12 × 4 = 48
- Kozi ya pili, krediti 12, umepata C: 12 × 2 = 24
- Kozi ya tatu, krediti 8, umepata A: 8 × 5 = 40
- Kozi ya nne, krediti 8, umepata B: 8 × 3 = 24

Jumla ni 136. Gawa kwa krediti 40, unapata 3.4.

Ukiipandisha kozi ya nne daraja moja, B iwe B+, GPA inakuwa 3.6. Ukiipandisha ya pili daraja moja, C iwe B, inakuwa 3.7. Jasho ni lilelile, malipo tofauti. Zaidi ya hapo, kuitoa kozi kwenye C mara nyingi ni rahisi kuliko kuipeleka nyingine kutoka B+ hadi A, kwa sababu zile alama za juu kabisa ndizo zinazopatikana kwa shida. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: wanaisoma kozi wanayoipenda, ambayo tayari wanaiweza, na ile nzito wanaizunguka hadi usiku wa mwisho.

Kwa hiyo panga kozi zako kwa maswali mawili: ina krediti ngapi, na daraja linalofuata liko umbali wa alama ngapi? Kozi nzito iliyo karibu na mpaka wa daraja ndiyo ipewe saa zako bora za siku, zile ambazo kichwa chako kimechangamka.

Hatua ya 3: Elewa anayesahihisha anatafuta nini

Hapa ndipo alama nyingi hupotea bila mtu kujua. Kwa kawaida msahihishaji anakuwa na mwongozo wa usahihishaji, karatasi inayoonyesha kila alama inatolewa kwa kitu gani. Tuchukue swali moja tuliangalie kwa karibu:

*Eleza sababu nne za mfumuko wa bei, ukitoa mfano kwa kila sababu. (Alama 12)*

Nne mara ngapi ndiyo 12? Mara tatu. Mwongozo karibu hakika unasema: kutaja sababu, alama 1, kuieleza, alama 1, mfano, alama 1. Sasa mwanafunzi wa kwanza anaandika kurasa mbili nzuri sana juu ya sababu mbili, na mifano juu. Kikomo chake ni 6, hata aandike kwa kalamu ya dhahabu. Wa pili anaandika nusu ukurasa: sababu nne, kila moja na sentensi mbili za maelezo na mfano wake. Huyo anaweza kuzoa zote 12. Basi yule wa kwanza ndiye anayekuja kuuliza mbona alijaza kijitabu.

Kutokana na swali hilo moja unapata mazoea manne:

Kwanza, gawa alama kwa idadi ya hoja zinazotakiwa kabla ya kuandika neno lolote. Alama ndizo zinazokuambia urefu wa jibu.

Pili, tii kitenzi cha swali. "Taja" inataka orodha. "Eleza" inataka namna na sababu. "Linganisha" inataka vitu vyote viwili viwekwe ubavuni pamoja kwa kila kigezo. Kuandika aya ya hiki kisha aya ya kile hukupotezea alama. "Jadili" na "tathmini" zinataka pande mbili na msimamo wako mwishoni. Mtu anayeulizwa kutathmini akaishia kueleza huwa ametoa nusu ya kilichoagizwa.

Tatu, onyesha njia. Kwenye hesabu, fizikia, uhasibu na jamaa zake, sehemu kubwa ya alama iko kwenye hatua: fomula sahihi, kuweka thamani mahali pake, vipimo. Jibu la mwisho peke yake linaweza kuwa alama 1 kati ya 6. Wasahihishaji wengi pia hawakuadhibu mara mbili kwa kosa moja: ukikosea kipengele (a) halafu ukatumia jibu hilo kwa njia sahihi kwenye (b), alama za (b) unaweza kuzipata. Lakini lazima waione njia. Jibu lililokosewa bila njia ni sifuri tu.

Nne, msaidie macho. Aliyekalia rundo la vijitabu hana muda wa kuchimbua nondo zako kutoka kwenye aya ya ukurasa mzima. Anza kila swali kwenye ukurasa mpya, andika namba ya swali wazi, ruka mstari kati ya hoja na hoja. Mwandiko wako hauna haja ya kupendeza. Usomeke tu.

Maswali ya kuchagua jibu yana hesabu yake. Kama jibu baya halikatwi alama, usiache hata moja wazi. Kama yanakatwa, soma yanakatwaje. Mfano: machaguo manne, jibu sahihi alama 1, jibu baya unakatwa theluthi moja. Ukibahatisha kwa macho yaliyofumbwa, kwa wastani unabaki sifuri: hupati wala hupotezi. Ukiweza kuondoa chaguo moja tu kwa uhakika, kubahatisha kati ya matatu yaliyobaki kunakulipa kidogo. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: ukiondoa hata moja, jibu, usipoweza kuondoa lolote, pita.

Swali jingine linaloulizwa sana: je, nashindana na wenzangu? Inategemea. Mfumo wa kwanza unapima dhidi ya kiwango kilichowekwa: wote wakifikia 70, wote wanapata daraja hilo. Mfumo wa pili unapanga darasa zima, na madaraja yanagawanywa kwa nafasi. Kwenye mfumo wa pili, mtihani uliomtoa kila mtu jasho haukuumizi peke yako, maana mstari unashuka na wote. Kwenye wa kwanza, kumficha mwenzako notisi hakukuongezei hata nusu alama. Muulize mhadhiri mapema mnatumia upi.

Hatua ya 4: Soma kwa kujipima

Nadharia ni hii tu. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilirudia kusoma, jingine lilisoma mara moja kisha likaandika linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, waliojipima ndio waliokuwa mbele, kwa tofauti inayoonekana. Kusoma tena na tena kunakupa hisia kwamba unajua. Hisia hiyo hudumu hadi mlango wa ukumbi.

Fanya hivi kwa kila mada:

1. Soma mada mara moja kwa makini, bila kupaka rangi kila mstari.
2. Funga daftari. Chukua karatasi tupu, andika yote unayokumbuka: hoja, fomula, michoro.
3. Fungua daftari, chukua kalamu ya rangi nyingine, jaza ulichosahau. Rangi hiyo ya pili ndiyo orodha yako ya kusoma kesho.
4. Rudia baada ya siku moja, halafu baada ya siku tatu nne. Usirudie palepale.
5. Mada zikishafika tatu au nne, chukua mtihani uliopita, weka saa, jibu kama uko ukumbini. Daftari likae mbali.

Mtihani uliopita usiutumie kutabiri maswali. Utumie kujifunza sura ya karatasi: vipengele vingapi, lazima ni lipi, hiari ni lipi, vitenzi gani mhadhiri huyu anavipenda. Anayesoma mada tatu "zinazokuja kila mwaka" anacheza bahati nasibu, tena kwa ada yake mwenyewe.

Kuhusu madesa ya kurithi, yaani notisi zilizoachwa na waliotangulia: yatumie kama ramani, kisha hakiki kila hoja kwenye notisi zako. Kosa la mtu mmoja likinakiliwa miaka minne huwa linaonekana ukweli, na msahihishaji analitambua kwa mbali kwa sababu analikuta kwenye vijitabu kumi vyenye maneno yaleyale.

Kikundi cha kujisomea kinafaa kikiwa cha watu watatu hadi watano, na kila mmoja anafundisha mada moja. Kikiwa cha watu kumi ni mkutano.

Hatua ya 5: Linda usingizi

Najua utabisha. Kila mtu anamjua aliyekesha akapata A. Hujui angepata ngapi angelala, na hujui wangapi waliokesha pamoja naye wakasinzia kwenye swali la tatu.

Usingizi ni wakati ambao ubongo unaimarisha ulichosoma mchana. Ukiukata, unapunguza kazi uliyokwisha kuifanya. Panga saa saba au nane kwa usiku, na wiki ya mitihani uamke saa ileile kila siku. Kahawa nayo ina hesabu zake: kwa mtu mzima, nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Ukinywa saa nne usiku, saa tisa usiku nusu yake bado inafanya kazi. Acha kuanzia alasiri.

Zimamoto ya usiku wa mwisho, yaani kusoma kwa pupa wakati umekwisha, ikikulazimu, basi iwe na mpaka: pitia zile karatasi zenye rangi ya pili, halafu lala. Usifungue mada mpya. Mada mpya usiku huo hukuletea hofu zaidi kuliko alama.

Hatua ya 6: Mlangoni

Fika nusu saa kabla. Kaa mbali na wale wanaoulizana "umesoma ile ya sura ya saba?" Hakuna utakachojifunza hapo. Kagua mifuko yote: karatasi yenye maandishi iliyosahaulika kwenye koti inahesabika kama umeingia nayo kwa makusudi, na msimamizi hana kipimo cha kujua nia yako. Simu izimwe ibaki nje. Nenda msalani.

Hatua ya 7: Ndani ya ukumbi

Hapa panataka mpangilio, kwa hiyo fuata kwa zamu.

1. Andika namba yako ya mtihani kwanza. Vijitabu visivyo na namba vipo kila muhula.

2. Soma maelekezo yote ya juu, hata kama unadhani unayajua. "Jibu maswali manne kati ya sita" ina maana manne. Ukijibu matano, wasahihishaji wengi husahihisha manne ya kwanza na la tano linaachwa, hata kama ndilo bora. Ukijibu matatu ya alama 25 kwa ukamilifu wa kutisha, kikomo chako ni 75.

3. Mimina kwenye ukurasa wa nyuma fomula, miaka na vifupisho unavyoogopa kusahau. Ukishaviandika havihangaishi tena kichwa. Mwishoni vipige mstari visihesabiwe kama jibu.

4. Gawa muda kwa alama. Mtihani wa dakika 180 wenye alama 100: toa dakika 10 za kusoma maswali na 10 za kupitia mwishoni, zinabaki 160. Kila alama ina dakika 1.6. Swali la alama 25 ni dakika 40, la alama 12 ni dakika 19, la alama 5 ni dakika 8. Andika saa ya kumaliza kando ya kila swali. Mtihani ukianza saa 3:00 asubuhi, swali la kwanza la alama 25 liishe saa 3:50.

5. Anza na swali unaloliweza zaidi. Mkono ukishaanza kuandika, woga unapungua wenyewe.

6. Saa ikifika, hama. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalookoa wengi. Alama za mwanzo za swali lolote ni rahisi, za mwisho ni ngumu. Dakika 10 za kutafuta alama ya 23 kwenye swali la kwanza zingekupa alama sita au saba kwenye swali ambalo hujaligusa. Acha nafasi, utarudi ukipata muda.

7. Muda ukikuishia kabisa, andika hoja kwa vidokezo. Hutapata zote, lakini ukurasa mtupu hauna cha kusahihishwa.

8. Dakika 10 za mwisho: kagua namba za maswali, kurasa zilizorukwa, vipimo kwenye hesabu, na kama karatasi za ziada zimefungwa pamoja. Usibadilishe jibu kwa wasiwasi tu; libadilishe ukiona kosa mahususi.

Hatua ya 8: Ukishatoka

Ondoka. Kulinganisha majibu kwenye ngazi za ukumbi ni kosa linaloharibu mtihani wa kesho. Kijitabu kimeshaondoka mikononi mwako, na kinakoenda kina safari yake: husahihishwa, mara nyingi sampuli hupitiwa na mhadhiri wa pili, kwingine huja mtahini wa nje kuangalia kama kiwango kimelingana, kisha alama hujadiliwa kwenye vikao vya idara na kitivo kabla hazijaidhinishwa. Hizo unazoziona mapema kwenye mfumo mara nyingi ni za muda. Usisherehekee sana, wala usizimie.

Mambo yakienda kombo

*Kichwa kimekuwa kitupu, sikumbuki hata jina la kozi.* Weka kalamu chini. Vuta pumzi kwa kuhesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6, mara tano au sita. Kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta kunapunguza kasi ya moyo. Kisha chukua swali dogo kuliko yote, andika hata tafsiri ya neno moja lililomo. Kumbukumbu huvutana, ukishika uzi mmoja mengine hufuata. Ukijijua una tabia hii, jaribu pia kuandika hofu zako kwenye karatasi kwa dakika 10 kabla ya kuingia, bila kuzipamba, halafu itupe. Mwaka 2011 Ramirez na Beilock walichapisha majaribio ambamo njia hii iliwasaidia hasa wale wenye wasiwasi mkubwa. Si dawa ya kila mtu, ila haina gharama.

*Zimebaki siku tatu na sijasoma kitu.* Rudi Hatua ya 1. Tafuta alama za kufaulu tu. Chukua mitihani iliyopita mitatu, orodhesha mada zilizotokea, anza na zenye alama nyingi zinazoeleweka haraka. Achana na ukamilifu muhula huu.

*Nimeugua siku ya mtihani.* Nenda hospitali siku hiyohiyo, upate cheti chenye tarehe, uandikie idara kabla mtihani haujaanza au haraka iwezekanavyo baada yake. Vyuo vingi hutoa mtihani maalumu kwa mwenye sababu iliyothibitishwa, na huo huhesabiwa kama jaribio la kwanza. Ukiingia ukafanya huku unaumwa, halafu ukalalamika matokeo yakitoka, mara nyingi umechelewa: kuingia kwako ukumbini kumehesabika kama ulijiona uko sawa. Msiba wa nyumbani nao uripotiwe vivyo hivyo.

*Ratiba imenipa mitihani miwili kwa wakati mmoja.* Peleka ofisi ya mitihani leo, kwa maandishi, na namba za kozi zote mbili. Usisubiri mtu agundue.

*Nimepata sapu.* Si disko, yaani hujaondolewa chuoni kwa kufeli. Sapu ni nafasi ya pili, na kwenye vyuo vingi ukifaulu unapewa daraja la chini la kufaulu tu, hata ukipata 90. Kwa hiyo inagusa GPA, lakini kwa kozi moja, na ukirudi kwenye hesabu ya Hatua ya 2 utaona ni kwa kiasi gani. Omba kuona kijitabu chako ikiwa chuo kinaruhusu. Bila kujua alama zilipotea wapi, utarudia kusoma yaleyale kwa njia ileile.

*Sili, silali, natetemeka wiki nzima.* Hiyo imevuka presha ya kawaida. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo sasa hivi, usisubiri mitihani iishe. Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo, yeyote unayemwamini, usikae peke yako. Mtihani una marudio, unaahirishwa, na mwaka mzima unaweza kusimamishwa ukarudi baadaye. Vyuo vina taratibu za hayo, na wanaozitumia ni wengi kuliko unavyodhani.

*Matokeo yanasema "haijakamilika".* Mara nyingi ni alama ya kozi weki ambayo haijaingizwa. Mpelekee mhadhiri nakala ya kazi uliyosahihishiwa. Ndiyo maana kazi zote hutunzwa hadi matokeo yaidhinishwe.

*Nina hakika nimeonewa.* Tenganisha mambo mawili. "Jibu langu lilistahili zaidi" ni hukumu ya kitaaluma, na vyuo vingi havipokei rufaa ya namna hiyo. "Alama zimejumlishwa vibaya", "ukurasa wa nyuma haukusahihishwa", "alama ya kozi weki si yangu", "kanuni haikufuatwa", hizo zinapokelewa. Angalia tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, ambayo mara nyingi ni siku chache tu baada ya matokeo, ulizia ada kama ipo na kama inarudishwa ukishinda, na uulize wazi kama usahihishaji mpya unaweza kushusha alama, maana kwingine unaweza. Barua iwe ya ukurasa mmoja: namba yako, kozi, tarehe ya mtihani, kosa unalodai, ushahidi. Usimtaje mhadhiri kwa ubaya. Ipeleke mwenyewe, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri ubaki nayo.